Kilio cha wajaza fomu za ushuru kila Juni

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, nchi yetu huingia katika msimu usio wa mvua wala wa kiangazi, bali wa foleni. Sheria humtaka kila aliyeandikishwa kuwa mlipaji wa ushuru wa mapato awasilishe ritani yake, yaani maelezo ya mapato ya mwaka uliotangulia, kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Mwaka wenyewe wa hesabu hukamilika tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo mtu hupewa miezi sita mizima ya kuitenda kazi ambayo, kwa mwajiriwa mwenye mshahara mmoja, haimalizi saa moja. Ajabu ni kwamba wengi wetu huisubiri siku ya mwisho, tena usiku.

Nayasema haya kwa kuwa mimi ni miongoni mwa wale wanaowajazia wenzao fomu hizo kwa ujira mdogo. Zamani, nje ya posta na ofisi za wilaya, waliketi makarani wenye taipureta waliowaandikia barua watu wasiojua kusoma. Sisi ndio warithi wao. Lakini kuna tofauti moja inayonitia simanzi: mteja wa karani yule hakubahatika kwenda shule, ilhali wateja wangu wengi ni walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu. Hilo ndilo jambo ninalotaka kuzungumza na wasomaji leo.

Kwanza kuna kero ya kuchelewa. Mwalimu anayewakemea wanafunzi wake mwaka mzima kwamba mtihani hausomewi usiku wa kuamkia mtihani ndiye huyo huyo anayenijia saa nne za usiku tarehe 30. Watu wengi wakibisha mlango mmoja kwa wakati mmoja, mlango hukwama. Ndivyo ulivyo mtambo wowote wa kompyuta. Mambo yakikwama, lawama huniangukia mimi, kana kwamba ndimi niliyeipanga kalenda.

Pili, kuna swala la nywila. Nimuulizapo mteja neno lake la siri, hunijibu kwamba analo yule kijana aliyemfungulia akaunti miaka mitatu iliyopita. Nimuulizapo anwani yake ya barua pepe, naambiwa kuwa hiyo pia aliibuni kijana yuyo huyo, na kibanda chake kilikwisha fungwa. Hebu fikiri, msomaji. Mtu huyu hawezi kumpa jirani ufunguo wa nyumba yake kwa siku moja, lakini hesabu za mapato yake yote amemwachia mtu ambaye hata jina lake halikumbuki.

Tatu, na hili ndilo hunichosha kuliko yote, ni swali hili: "Mimi mwajiri amekwisha nikata ushuru kila mwezi. Nijaze fomu ya nini tena?" Jibu ni jepesi. Kukatwa ushuru ni jambo moja na kutoa hesabu ni jambo jingine. Mwanafunzi aliyelipa karo hajasamehewa kuitika jina lake sajili inaposomwa. Ile fomu ya P9 ambayo mwajiri humpa kila mwajiriwa huonyesha, mwezi baada ya mwezi, mshahara uliolipwa, makato, nafuu na ushuru uliotozwa. Kazi ya ritani ni kuyathibitisha hayo, na kuongeza mapato ambayo mwajiri hayajui.

Na hapo ndipo penye machozi. Chukua mfano wa mhadhiri ambaye mwaka wa 2024 alilipwa shilingi 60,000 kwa mwezi na mwajiri wake mkuu, na shilingi 20,000 na chuo kingine alikofundisha jioni. Tuyaweke kando makato ya uzeeni na mengineyo. Katika mwaka huo, shilingi 24,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zilizofuata zikatozwa asilimia 25, na zilizofuata hapo asilimia 30. Kisha kila mtu akapunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi. Chuo cha jioni, kwa kuzihesabu zile 20,000 peke yake, kilipata ushuru wa shilingi 2,000, kikaondoa nafuu, kikakuta hakuna cha kukata. Kumbe nafuu ni moja kwa mtu mmoja, na mishahara hiyo miwili sharti ijumlishwe. Ikijumlishwa, zile 20,000 zote zaangukia katika asilimia 30. Deni ni shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka. Isitoshe, salio kama hilo lilipaswa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, si Juni, na likichelewa huzaa adhabu na riba.

Mhadhiri akiyaona hayo kwenye kioo cha kompyuta, nani hulaumiwa? Ni mimi! Huambiwa kwamba sijui kazi, na kwamba kuna mwenzangu ng'ambo ya barabara anayeweza "kusawazisha mambo". Kusawazisha huko ni kuificha ile P9 ya pili, au kuandika kwamba mteja hakupata mapato yoyote mwaka mzima. Nimewahi kuzifungua akaunti za watu wenye mishahara nikazikuta zimejazwa sufuri mwaka baada ya mwaka, kwa sababu tu sufuri ni rahisi kujaza na foleni ilikuwa ndefu. Mteja hana habari. Risiti anayo, roho yake imetulia, ilhali amekwisha toa maelezo ya uongo kwa jina lake mwenyewe. Mficha uchi hazai, na mwenye kujibu siku ya kuulizwa si karani aliyebonyeza kitufe, ni mwenye jina.

Wanafunzi nao wana msiba wao. Kijana aombapo mkopo wa masomo wa HELB huhitaji namba ya PIN. Huipata, mkopo ukaja, naye akaisahau. Hakuna aliyemweleza kwamba namba hiyo ikiwa imeandikishiwa wajibu wa ushuru wa mapato, yapaswa kujaziwa ritani kila mwaka, hata kama hana senti moja. Adhabu ya mtu binafsi asiyewasilisha kwa wakati ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi. Miaka minne ya chuo bila ritani yaweza kumzalia deni la shilingi 8,000. Humgundua siku anapotafuta cheti cha kuthibitisha uadilifu wa ushuru ili aombe kazi. Nimewaona vijana wakilia mbele yangu kwa deni la mapato ambayo hawajawahi kuyapata.

Sikatai kwamba sheria zenyewe hubadilika. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, kwa mfano, yaligeuza namna ya kuhesabu tozo ya nyumba na mchango wa bima ya afya ya jamii: badala ya kupewa nafuu ya asilimia 15, vikawa vinaondolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru kukokotolewa. Mambo kama hayo humtatiza hata mtaalamu. Sikatai pia kwamba P9 imeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Lakini hivyo visiwe visingizio vya msomi.

Kwani hesabu hizi si ngeni. Vizazi vya wanafunzi wa 8-4-4 vimezifundishwa katika Kidato cha Tatu, katika somo la Hisabati: viwango vya ushuru, nafuu, na ushuru wa mwezi. Mwalimu aliyeziandika ubaoni, na mwanafunzi aliyezipatia alama katika mtihani, wote wawili huja kwangu wakiwa wameikunja P9 mfukoni bila ya kuisoma. Tumeigawanya elimu na maisha kama vitu viwili visivyojuana.

Rai yangu ni kwamba walimu wa Hisabati waibebe P9 waingie nayo darasani, wafiche jina na namba, wawaonyeshe wanafunzi kila safu ina maana gani. Walimu wa Kiswahili nao wayatafute maneno yanayofaa kwa safu hizo, ili mzazi asiyejua Kiingereza aelezwe na mwanawe. Vyuo vimweleze kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wajibu unaofuatana na PIN. Samaki mkunje angali mbichi.

Yamkini mtaniuliza kama sioni kwamba nauziba mfereji wa riziki yangu. La hasha. Wenye biashara na hesabu ngumu wataendelea kuhitaji msaada, na kazi hiyo ndiyo yenye heshima. Ninalolichoka ni kulipwa kwa kubeba siri ya mtu ambaye angeweza kuitunza mwenyewe. Shime basi, walimu na wanafunzi: zisomeni fomu zenu, zishikeni nywila zenu, na mje mapema.