Kode ya zamani: nani anabadilisha miti ya shimo?

Sisi wachimbaji tunajua jambo moja ambalo watu wa biro wanasahauka. Shimo halianguki siku lilipochimbwa. Linaanguka miaka kisha, siku mti wa kuegemeza umeoza na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuutazama. Programu za ordinatere na za simu ziko vilevile. Kode yake, ni kusema yale maagizo ambayo fundi aliandika ili mashini ifanye kazi, inaomba mtu wa kuichunga kila mwaka. Na mara nyingi mtu huyo halipwi.

Tuanze na mambo ya hapa kwetu. Mwezi wa 11 mwaka 2008, wakati vita vilikuwa vimefika karibu na mji wa Goma na wakimbizi walijaa Kibati, programu moja ilifunguliwa kwa ajili ya Kongo: raia atume ujumbe wa simu ao wa intaneti kueleza mabaya aliyoona, na ujumbe uwekwe kwenye karte. Jina lake Ushahidi. Ilizaliwa Kenya mwezi wa kwanza mwaka 2008, kisha uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 kuleta mauaji. Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliisimamisha na wenzao kwa siku chache, kwa kujitolea. Kisha iliandikwa upya kwa lugha ya PHP na kufunguliwa kwa wote: unaichukua bure, unaisoma, unaibadilisha. Mwaka 2010, tetemeko lilipopiga Haiti, watu wa kujitolea waliitumia kuonyesha pahali watu walikuwa wanaomba msaada.

Kazi ya kusimamisha ilionekana na ilisifiwa dunia nzima. Kazi ya kuchunga haionekani.

Juu ya nini kode inazeeka? Herufi zake hazioze sawa mti. Njo udongo wa chini unasogea. Mwezi wa 12 mwaka 2015, PHP 7 ilitoka, na ilitupa kamandi za zamani za kuongea na hifadhi ya data ya MySQL. Programu iliyozitegemea inakwama pale pale. Mwaka 2013 Google ilifunga njia ya zamani ya kuweka karte zake kwenye saiti za watu. Kohana, ule msingi wa PHP ambao Ushahidi ilijengwa juu yake, nao ulikuwa kazi ya watu wa kujitolea, na siku moja wakaacha kuuchunga. Fundi anabaki katikati: akikaa na PHP ya zamani, matundu ya wezi hayazibwi tena, akihamia mpya, nusu ya nyumba inaanguka.

Tena kuna jambo la watu. Aliyeandika kode amepata kazi ingine, ameoa, amehama. Kijana mpya anafungua faili, anaona mstari usio na maana kwake, anautoa. Kumbe mstari ule ulikuwa unashikilia kitu upande wa pili. Mchimbaji aliyeingia shimo la wazee bila mtu wa kumuonyesha njia anaelewa vizuri hatari hiyo. Na ukisema tuandike yote upya, sawa vile Ushahidi walifanya kwa toleo la tatu, ile ya zamani haikungojei. Watu wanaendelea kuitumia, na habari zao zote zapaswa kuhamishwa.

Hata mchezo unaweza kutufundisha. Vijana wanaijua Minecraft, mchezo wa kuchimba mawe, watu wengi wakicheza pamoja kwenye intaneti. Mwezi wa 12 mwaka 2021 ilijulikana kwamba mchezaji akiandika maneno fulani tu kwenye mazungumzo, anaweza kuitawala serva ya wenzake. Tundu lilitoka ndani ya Log4j, kipande cha kode kinachoandika kumbukumbu za matukio, na makampuni makubwa ya dunia yalikuwa yanakitumia. Waliokichunga walikuwa watu wachache wa kujitolea. Sehemu yenye tundu iliingizwa mwaka 2013. Wao wenyewe hawakuipenda, lakini waliiacha ili wasiwaharibie kazi wale walioizoea. Walikesha wakitengeneza, huku wakitukanwa. Na Minecraft ni mali ya Microsoft, iliyonunua kampuni yake mwaka 2014 kwa dola miliari 2,5.

Sisi wa sendika hesabu hiyo tunaijua. Anayeshuka chini anapata vumbi, anayeuza anapata makuta.

Kwetu sisi jambo hili linagusa wafu wetu. Shirika moja lilituletea programu ya kuandika ajali za mashimo: jina la aliyekufa, shimo, tarehe, majina ya watoto. Tuliijaza kwa uaminifu. Projé ikaisha, fundi akarudi kwao, simu mpya zikakataa kuifungua, kisha serva ikazimwa. Mjane akija leo kuomba haki mbele ya PDG wa shimo, karatasi ya kaye njo inamsaidia, kwa sababu katibu wetu hakuacha kuandika kwa bic.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne kwa kila shirika, kila biro ya leta, na kila kijana mwenye akili ya kutengeneza programu hapa Goma. Moja, kabla ya kutuletea kitu, mtuambie nani ataichunga mwaka wa tano, na makuta yake yatatoka wapi. Mbili, mfundishe watu wawili wa hapa, maana mmoja akihama tunabaki gizani. Tatu, habari zetu zitolewe kila mwezi katika faili rahisi ambayo mashini yoyote inaweza kusoma, na nakala moja ibaki kwetu. Ine, aliyejitolea akifanya kazi ambayo wengine wanapatia faida, alipwe. Kujitolea ni kitu kizuri, lakini mtoto wake pia anakula kila siku.

Wakati mwingine mtu akituonyesha programu mpya yenye rangi nzuri, tumshukuru, kisha tumuulize jina la yule atakayebadilisha miti.