Askari Jela Aliyechora Ngozi za Wafungwa

Alindaye gereza hupewa funguo, kirungu na orodha ya majina. Danzig Baldaev alipoingia kazini mwaka 1948 katika gereza la Kresty, mjini Leningrad, aliongeza kitu cha nne ambacho hakuna aliyemwagiza: kalamu ya kuchorea. Kwa muda wa karibu miaka arobaini alinakili michoro iliyokuwa katika miili ya wafungwa, hata ikazidi elfu tatu. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na wa polisi habari za mwenzao huyo, pamoja na habari za vitabu vilivyotokana na kazi yake.

Baldaev alizaliwa mwaka 1925 huko Ulan-Ude, upande wa mashariki wa Siberia, katika kabila la Buryat. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mila na desturi za watu wake. Serikali ya Stalin ikamkamata kwa kumwita adui wa umma, na mtoto akatiwa katika makao ya watoto wa wafungwa wa namna hiyo. Baadaye kijana alitumikia jeshi wakati wa vita, kisha akaamriwa kuwa askari jela. Tazameni mambo ya dunia: mtoto wa mfungwa akakabidhiwa funguo za wafungwa. Na ni baba huyo huyo, aliyekwisha kuonja jela, aliyemhimiza kukusanya michoro ile, akihofu kwamba itazikwa pamoja na wenyewe.

Tusemapo michoro ya mwilini msidhani kwamba ni chale za wazee wetu, zikatwazo kwa wembe kwa ajili ya dawa au kabila. Wafungwa wa Urusi walichoma kisigino cha kiatu cha mpira, masizi yake wakayachanganya na mkojo, wakapata wino. Sindano yao ilikuwa uzi wa gitaa, au mashine ya kunyolea iliyogeuzwa kazi. Kila alama ilikuwa na maana yake. Kuba za kanisa zilizochorwa kifuani zilihesabu vifungo alivyopata mwenyewe. Nyota za magotini zilisema kwamba mtu huyu hampigii magoti yeyote. Wapo waliojichora mabegani alama za cheo cha maofisa, na dhihaka iliyomo humo wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa. Wengine walibeba kifuani sura za Lenin na Stalin, wakiamini kwamba hakuna kikosi kitakachothubutu kupiga risasi picha za viongozi. Aliyejipa alama asiyostahili alihukumiwa na wenzake: aliifuta kwa kipande cha chupa au cha tofali, pamoja na ngozi yake.

Habari za uchoraji wa Baldaev zilipofikishwa kwa KGB, mtu angetazamia kwamba atatiwa ndani. Haikuwa hivyo. Idara ile ya usalama iliona faida mara moja, kwa sababu mfungwa akivuliwa shati, makosa yake, vifungo vyake na daraja lake kati ya wezi husomeka. Basi Baldaev akaachwa aendelee, akasafiri mpaka magereza ya mbali. Kazi iliyofanana na hiyo ilifanywa kwa kamera na Arkady Bronnikov, mtaalamu wa uchunguzi wa jinai wa Wizara ya Mambo ya Ndani, aliyekusanya picha za wafungwa wa Ural na Siberia tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980.

Hapa, hata hivyo, yafaa tuseme neno. Si kila alama ilichorwa kwa hiari ya mwenyewe. Aliyeshindwa kulipa deni la karata, au aliyechukiwa na wenzake, aliweza kushikwa na kuchorwa kwa nguvu alama ya fedheha, akaibeba hadi kufa. Ofisa asomaye ngozi peke yake, bila jalada na bila kumsikiliza mwenye ngozi, angemwongezea dharau mtu aliyekwisha kuonewa.

Michoro hii ingeweza kabisa kuishia kabatini. Majumba makubwa ya vitabu huuliza kwanza ni nani atakayenunua, na majumba ya sanaa hayakuwa na nafasi ya sanaa ya wezi. Waliojitokeza ni Waingereza wawili, Damon Murray na Stephen Sorrell, wasanii wa usanifu wa maandishi na picha, walioanzisha kikundi chao cha FUEL mjini London mwaka 1991 wakiwa bado wanafunzi. Mwaka 2003, wakishirikiana na kampuni ya Steidl ya Ujerumani, walitoa kitabu cha kwanza cha michoro ya Baldaev, pamoja na picha za Sergei Vasiliev, mpiga picha wa gazeti ambaye naye aliwahi kuwa askari jela. Baldaev alifariki mwaka 2005. Kitabu cha pili kikatoka mwaka 2006 na cha tatu mwaka 2008. Picha za Bronnikov zilifuata mwaka 2014. Watengenezaji wa filamu walivitumia vitabu hivyo, na vijana wa Ulaya wakaanza kuiga alama zile kwa ajili ya urembo tu, jambo ambalo ndani ya gereza lingewagharimu ngozi.

Kwa msomaji mwenye sare, kitabu kigumu kuliko vyote ni kile cha mwaka 2010, chenye michoro ya Baldaev juu ya makambi ya kazi za shuruti. Humo mkono uleule ulionakili miili ya wezi umewachora walinzi na wapelelezi wenyewe: jinsi walivyowapiga waliokamatwa, walivyowatesa ili wakiri, walivyowaacha wafe kwa baridi na njaa. Kurasa hizo hatukuweza kuzifunua kwa haraka. Mchoraji wake alikuwa askari, na baba yake alikuwa mmoja wa waliokamatwa.