Kifaranga Hasimami? Angalia Mguu Kwanza Kabla ya Kununua Dawa

Swali ninalopigiwa simu sana ni hili: "Afisa, vifaranga wangu hawasimami, niwape dawa gani?" Mara nyingi muulizaji keshaweka antibiotiki kwenye maji. Jamani, antibiotiki hainyooshi mguu. Mkamate kifaranga, mgeuze, angalia.

1. Miguu imetanuka pembeni (siku za mwanzo)
Sababu kubwa ni kuteleza kwenye magazeti au nailoni. Kata ukanda mwembamba wa plasta, funga miguu yote miwili chini ya goti, iachane kama sentimita 2 na nusu hivi. Usikaze. Kagua kila siku, fungua baada ya siku 2 hadi 4. Bandani mwaga maranda. Ukichelewa wiki nzima, mguu huwa haurudi tena.

2. Vidole vimejikunja kwa ndani
Hapa amekosa vitamini B2. Wape wote multivitamini ya kwenye maji, ukifuata kipimo cha kwenye pakiti, na chakula bora. Wahi, maana mishipa ya fahamu ikishaharibika hawezi kupona.

3. Miguu imepinda, mdomo laini kama mpira
Haya ni matege: upungufu wa kalsiamu, fosforasi au vitamini D. Pumba ya mahindi na mashudu peke yake havitoshi kujenga mfupa. Rudi kwenye chakula kamili cha vifaranga, na jua la asubuhi waote, kwetu ni la bure. Usiwape chakula cha kuku wa mayai. Kalsiamu yake ni nyingi mno, inaua figo za kifaranga.

4. Hapa usijitibie
Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kwa kuku aliyeanza kukua, hiyo huenda ni Mareksi. Haina tiba, kinga ni chanjo ya siku ya kwanza, kwa hiyo muulize anayekuuzia. Shingo kupinda, kinyesi cha kijani na vifo vya ghafla, shuku mdondo. Watenge, mwite afisa mifugo leo leo.

Mwisho, hesabu. Wakiumwa miguu 2 kati ya 100, tibu hao 2. Wakifika 10, tibu banda na chakula, la sivyo kesho watakuwa 20 na mtaji umekwenda.