Cheti cha Mzamiaji na Sahihi ya Mwalimu Aliyesimamishwa

Katika kazi ya askari hakuna hati inayopata nguvu kutokana na karatasi yake. Hati ya ruhusa ya kutoka kambini, hati ya kuchukua silaha ghalani na hati ya kufuzu mafunzo, zote hupata nguvu kutokana na mamlaka ya aliyeweka sahihi, siku ile alipoiweka. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala vyeti vya uzamiaji, yaani kazi ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa mgongoni. Makala haya yanaeleza mkasa unaoweza kumpata askari yeyote anayejifunza kazi hiyo: amelipa ada, amehudhuria masomo, kisha anaambiwa kwamba cheti hakitatolewa kwa sababu mwalimu wake amesimamishwa.

Chombo cha kupumulia majini kilichoenea duniani kote kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau, afisa wa jeshi la majini, pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Baada ya vita raia wengi walikipenda, na ikaonekana kwamba hapana budi wafundishwe kwa utaratibu. Chama cha BSAC kikaanzishwa Uingereza mwaka 1953, na shirikisho la CMAS likafuata mwaka 1959, Cousteau akiwa rais wake wa kwanza. Huko Marekani vilianzishwa NAUI mwaka 1960 na PADI mwaka 1966. Vyama hivi si idara za serikali. Hata hivyo, mwenye kukodisha mitungi au mashua, popote alipo, hutaka kwanza kuona kadi ya chama kimojawapo.

Cheti cha kwanza kwa kawaida humruhusu mzamiaji kwenda hadi meta 18. Kwa mfano, katika kozi ya PADI mwanafunzi huogelea meta 200, huelea kwa dakika 10, hufanya mazoezi katika bwawa au maji yaliyotulia, kisha huzamia mara nne katika maji ya wazi. Kila zoezi lina sababu yake. Katika kina cha meta 10 baharini mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu. Mtu aliyevuta hewa ya mtungi akiwa huko, kisha akapanda huku amezuia pumzi, hewa hiyo hutanuka kifuani mwake na yaweza kuyapasua mapafu. Anayepanda kwa haraka baada ya kukaa chini muda mrefu hushikwa na maradhi ya mapovu ya naitrojeni mwilini, ambayo huweza kumpooza. Basi sahihi ya mwalimu ni ushahidi kwamba alimwona mwanafunzi huyu akiyatenda mambo hayo kwa usahihi mbele ya macho yake.

Sasa tutazame idhini ya mwalimu. Mwalimu hapewi idhini ya kufundisha maisha yake yote. Katika vyama vikubwa, kama vile PADI, huihuisha kila mwaka, na mahali panapotakiwa huonyesha bima yake. Idhini yaweza kusimama kwa sababu ndogo, kama kuchelewa kulipa ada ya mwaka, au kwa sababu nzito, kama kuvunja kanuni za usalama, au ajali ambayo ingali inachunguzwa. Kusimamishwa si kufukuzwa, wala si hukumu kwamba mtu ana hatia. Afisa anayengoja baraza la uchunguzi angali afisa, lakini hatoi amri. Vivyo hivyo mwalimu aliyesimamishwa aweza kuzamia kwa starehe yake, lakini hawezi kufundisha kwa jina la chama hicho.

Mwanafunzi afanyeje? Jibu liko katika tarehe. Aliyemaliza kozi na kupewa cheti wakati mwalimu angali na idhini, cheti chake hakibatiliki kwa sababu tu mwalimu alisimamishwa baadaye. Aliyefika katikati wakati amri ya kusimamishwa inatoka, aweza kupelekwa kwa mwalimu mwingine pamoja na karatasi za masomo aliyokwisha kutimiza, zenye tarehe, sahihi na namba ya mwalimu wa kwanza. Mwalimu mpya humpima kwanza, kisha humalizia yaliyobaki. Lakini yule aliyefundishwa wakati mwalimu hana idhini, masomo hayo hana pa kuyategemea, hata kama yalifundishwa vizuri, na mara nyingi atalazimika kuyarudia.

Mwanafunzi huyo wa tatu ndiye mwenye malalamiko ya haki. Hakutenda kosa, fedha zake zimekwenda, na pengine siku zake za likizo zimekwisha. Fedha na adai kwa yule aliyezipokea, akiwa na stakabadhi mkononi. Kuhusu mafunzo, na alipeleke jambo lake kwa chama chenyewe kwa maandishi, akieleza tarehe na mahali pa kila somo.

Hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Mwalimu aliyesimamishwa humwendea rafiki yake mwenye idhini, akamwomba amwekee sahihi mwanafunzi ambaye rafiki huyo hakumwona majini. Askari anajua jambo hili lina jina gani. Ni sawasawa na kutia sahihi katika daftari la ghala la silaha kwamba bunduki zimehesabiwa, na hali mlango haukufunguliwa. Vyama vinakataza tendo hilo, na anayelitenda hujiweka katika hatari ya kusimamishwa naye. Mwanafunzi anayekubali hupata kadi, lakini hubaki bila shahidi.

Jambo hili si la starehe za watalii peke yao. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria mwezi Mei 1996, wazamiaji walihitajika kwa kazi ngumu ya kutoa maiti. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, wazamiaji walimtoa hai mtu aliyekaa siku mbili akipumua hewa iliyobaki ndani ya chombo. Ziwa hili liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban sehemu 13 katika 100. Majedwali ya uzamiaji yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayatumiki hapa bila kurekebishwa. Askari aliyepata kadi yake pwani, hata kama ni halali kabisa, yampasa ajifunze hilo kwa mwalimu anayelijua kabla ya kuzamia ziwani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, askari na aulize namba ya mwalimu na chama chake, kisha ahakikishe kwa chama chenyewe kwamba idhini ingali hai. Iwapo mwalimu ni wa vyama viwili, na ajue ni kipi kitakachotoa cheti, kwani aliyesimamishwa na kimoja aweza kuwa na idhini ya kingine. Kila jioni na aandike katika daftari lake zoezi alilofanya, kina alichofikia na dakika alizokaa, na mwalimu atie sahihi siku hiyo hiyo, si mwisho wa kozi.

Na akiambiwa apimwe upya, asione amedharauliwa. Wahenga walisema kwamba mwana maji wa Kwale, kufa maji mazoea. Aliyefundishwa vizuri hatapungukiwa na kitu kwa kurudia zoezi mbele ya mwalimu wa pili. Asiyefundishwa vizuri atakuwa ameligundua kosa lake bwawani, mahali ambapo kuna mtu wa kumshika mkono.