Je, Wajua? Bampa Unaloliona Silo Linalolikinga Gari

Je, wajua kwamba bampa la mbele la magari mengi ya leo ni ganda la plastiki tu? Kinachopokea kishindo ni boriti ya chuma au alumini iliyojificha nyuma yake. Ndiyo maana ganda hilo halikukazwa kwa nati kubwa. Hushikwa na klipu, skrubu na boliti ndogo, nyingi za spana namba 10: juu karibu na boneti, chini kwenye kava la injini, na ndani ya fenda, mbele ya gurudumu. Hapo kwenye fenda ndipo mabampa mengi hupasukia, kwa kuwa mtu anayelifungua bampa huvuta kabla ya kutoa skrubu moja iliyozibwa na matope. Likigoma, usiongeze nguvu, tafuta ulichosahau.

Wapo watakaosema kufungua bampa ni kazi ya fundi bodi. Wana hoja pale gari lenye rada nyuma ya bampa linapohusika, kwani rada ikisogea huenda ikahitaji kurekebishwa kwa vifaa maalumu. Kwa gari la kawaida, bisibisi na spana vinatosha, pamoja na mtu wa kushika upande wa pili. Likianza kuachia, chomoa kwanza soketi za taa za ukungu, maana nyaya zake ni fupi. Na kava la chini? Ukilazimika kuingia uvunguni, usitegemee jeki peke yake (watu hufa hivyo). Weka stendi imara. Klipu zilizozeeka hukatika hata mikononi mwa fundi hodari, basi nunua za akiba kabla hujaanza.