Lango la Hamburg na Baba Yangu Fundi

Baba alipokuja kututembelea Hamburg, hatukuanzia bandarini. Nilimpeleka Millerntor, karibu na kituo cha treni cha St. Pauli, nikamwonesha kijumba ambacho mwanangu hukipita bila kugeuza shingo kila anapokwenda kutazama mpira. Baba ni fundi mwashi wa Dar es Salaam, mikono yake imejenga tangu ujana. Nilitaka nikione kwa macho yake.

Alisimama mbele ya nguzo, akatazama juu kwenye paa la pembetatu. "Wameweka baraza," akasema. "Lakini si baraza ya kumkaribisha mgeni."

Alipatia. Kijumba hicho kinaitwa Millerntorwache, na kilijengwa mwaka 1820 kwa ramani ya Carl Ludwig Wimmel. Kilikuwa nyumba ya askari wa lango. Wakati huo Hamburg ilikuwa na ngome, na njia iliyopita hapa ilikwenda Altona, mji uliokuwa chini ya mfalme wa Denmark. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameondoka mwaka 1814, na Hamburg ilikuwa imerudi kujitawala. Mtindo wa nguzo za Kigiriki ulikuwa ukipendwa sana Ulaya. Ni mtindo wa vipimo sawa na mapambo machache, unaolipa hata jengo dogo heshima ya hekalu. Aliyefika kutoka nje alitambua mara moja kwamba anaingia mji wenye wenyewe.

Na wenyewe walikuwa wakifunga. Giza likiingia, lango lilifungwa. Aliyechelewa alilipa ndipo apite, na kadiri usiku ulivyozidi, ndivyo malipo yalivyopanda. Vibarua waliokaa vitongoji vya nje walijua maana ya kukimbizana na jua. Desturi hiyo ilikoma mwisho wa mwaka 1860. Ngome yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjwa kabla ya hapo, na sehemu yake ilikuwa imegeuzwa bustani. Kijumba kilibaki, ingawa mwaka 2004 kilisogezwa kidogo kutoka mahali pake pa awali.

Nilikuwa nikimweleza mwanangu hayo, naye akamgeukia babu yake. "Babu, wewe ungelipa?"

Baba akacheka. "Mjukuu wangu, mimi nimeshalipa. Mara mbili."

Mwanangu alidhani ni mzaha. Mimi nilielewa. Mara ya kwanza baba aliomba viza pamoja na mama, wakakataliwa wote wawili. Mara ya pili aliomba peke yake, kwa kuwa mama alikwisha fariki. Mama hakuwahi kuiona nyumba yangu.

Tulinyamaza. Kisha baba akaweka kiganja juu ya nguzo, kama afanyavyo akikagua kazi ya mwenzake. "Fundi hana kosa," akasema. "Aliambiwa ajenge lango, akajenga zuri."

Miaka ya karibuni kijumba hiki kimetumika kukusanya visa vya maisha ya wakazi wa Hamburg. Pale msafiri aliposimamishwa, watu wamesimulia walivyoishi mjini.

Ndugu msomaji, ukiwa Hamburg na watoto, simameni pale dakika kumi. Waambie lango lilikuwa la nini, kisha wasimulie nyinyi mliingiaje. Jioni ile, njiani kurudi, mwanangu aliniuliza habari za bibi yake kwa mara ya kwanza.