Mashini ya kusaga: mazutu, jua ao maji?

Kila mara bei ya mazutu inapopanda, bei ya kusagisha muhogo na mahindi inapanda pia. Kwa nini? Inchi yetu inachimba petroli kule Muanda, lakini inaiuza ingali mbichi. Mazutu ya huku mashariki inatoka ngambo, inapitia Mombasa ao Dar es Salaam, kisha barabara ndefu. Na petroli ya dunia iko na mwisho.

Wengine wanasema: tununue plake za jua. Ni vizuri kwa taa na telefone. Lakini mashini ya kusaga inaomba plake nyingi, na batri zinachakaa mbele ya plake zenyewe.

Kama muko na mto wenye kuanguka, muupime kwanza, wakati wa kiangazi, maji yakiwa kidogo. Hesabu ni hii: litri kwa segonde, mara metre za kuanguka, mara 10. Litri 50 zikianguka metre 20 zinatoa wati 10.000. Karibu nusu inapotea njiani, zinabaki 5.000, zinatosha mashini ndogo.

Huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa maji unatumika tangu 2013, hata kiwanda cha sabuni kinautumia.

Turbini haiombi mazutu, lakini inaomba mfereji safi, fundi, na feza za matengenezo ziwekwe pembeni. Mbele ya kununua motere ingine, mukutane, mupige hesabu. Na mulinde miti kule mto unakotokea: pori likiisha, maji nayo yanaisha.